Chenga

Wolfen, Januari. Dirisha limeganda nusu.
Jana Heidrun ametimiza miaka themanini na minne;
keki imebaki robo, nami nimebaki na picha mia mbili
safi mno, kama sahani iliyorambwa.
Hata bei ya mishumaa inasomeka.

Nachagua moja: anacheka, kisu mkononi,
nyuma yake mjomba Lutz amefumba jicho.
Naufifisha mwanga. Naulegeza weusi,
usiwe wa makaa, uwe wa chai iliyolala.
Kisha chenga: kumi. Ishirini na tano.
Uso wake unaanza kunyesha.

“Unaninyunyizia nini?”
Yuko mgongoni kwangu na soksi zake za sufu, sikumsikia.
Chenga, bibi. Ili ionekane ya zamani.

Anavuta kiti. Hacheki.
“Miaka ishirini na moja, zamu ya usiku,
kiwandani, chumba kisicho na hata taa nyekundu.
Tulitembea tukipiga mluzi tusigongane.
Filamu ilipita mbele yangu maili na maili, sikuiona,
na punje moja ya vumbi, moja tu,
ilikatwa kwenye mshahara wa kikundi kizima.
Wewe unazimwaga kwa kidole,
bure,
kama chumvi ya jirani.”

Nataka kumwambia kamera yangu haijui kusahau,
kwamba picha iliyoona kila kitu
hainiachii pa kuingilia.
Nasema tu: nizifute?

Anainama hadi pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.
Anaitazama ile mvua kavu shavuni, kwenye kisu,
kwenye jicho la Lutz.
“Zako zimejipanga kama askari. Za kweli hazina adabu,
hujazana kivulini, penye mwanga hutawanyika.
Punguza hapa usoni. Ongeza kule.”

Kule ni pembeni, karibu na jiko:
kiti cha babu Ottmar, ambacho hakuna aliyekikalia,
si jana, si mwaka juzi.
Alizipiga chenga kamera maisha yake yote, yule;
tunayo picha yake moja, ya kitambulisho,
na hata hiyo ametazama kando.

Arobaini. Hamsini na tano.
Kitambaa cha kiti kinachemka taratibu,
kijivu juu ya kijivu, kama kitu kinachotaka kugeuka.
Sabini.

“Basi,” anasema Heidrun.
“Hapo hapo. Usiguse.”