Kamba ya Katani

Babu Mwalyego alipimiwa kilima kwa mguu.
Alianza kutembea umande ukiwa mbichi
akasimama pale pumzi ilipomwambia basi.
Mpaka wake: kijito, kichaka cha mianzi, jiwe.
Hakuna aliyemdai karatasi.

Baba na nduguze watano walitumia kamba,
kamba ya katani, yenye fundo kila hatua kumi.
Sisi tuko tisa.
Mwaka huu Ambokile aliposhika ncha moja
na Asegelile nyingine,
kamba haikunyooka.
Ililegea katikati kama tumbo la ng'ombe mzee.
Shamba liliisha kabla ya kamba.

Mimi nimepata matuta kumi na mawili,
upande wa mikaratusi, inakokunywa kabla yangu.
Nimeyahesabu mara mbili, ya pili polepole,
huenda moja lilijificha kwenye ukungu.

Karani wa sensa alipokuja, Agosti,
amevaa makoti mawili na meno bado yanagongana,
aliuliza, mko wangapi?
Mama akataja, akataja, akapitiliza
mpaka kwa wawili tuliowazika.
Kisha akashika mdomo: wafute hao, baba. Hao hawali.
Shughuli kuu ya kiuchumi?
Kulima, akasema Mama.
Kubeba, akasema Asegelile.
Kusubiri, nikasema mimi.
Karani akatafuta kwenye kishikwambi, juu, chini,
akabonyeza "nyinginezo".

Kazi yangu ni sindano.
Hapa Isyonje, malori yakijipanga barabarani,
nashona vichwa vya lumbesa.
Gunia limejaa. Hata kipofu akilipapasa
atakwambia limejaa.
Dalali anasema: ongeza.
Tunajenga kichuguu juu ya mdomo,
debe moja, debe la pili, viazi vikipangwa kama matofali,
nami napitisha, navuta, napitisha, navuta,
hadi gunia livae kilemba.
Bei ni ya gunia.
Kilemba kinasafiri bure.

Siku ya tatu ya msimu ndipo nilipoona
fundo likikwama kwenye tundu la sindano.
Fundo la hatua kumi.
Asegelile alikuwa ameikata kamba ya baba, akaniletea:
isitupwe, dada, itafaa.
Kule shambani ilikuwa ndefu kupita ardhi.
Huku kwenye gunia haitoshi kamwe.

Nilikwenda benki, Mwanjelwa, na viatu vya kuazima.
Kijana mpole, kucha safi, akataka dhamana.
Nikataja matuta.
Akauliza hati.
Nikamtajia kijito.

Na yule mgeni aliyekuja na gari jeupe
akatuketisha kwenye madawati ya watoto
akasema, tatizo lenu mnazaana mno.
Sikubisha. Tisa ni wengi, mama mwenyewe anajua,
kiuno chake kinajua.
Lakini nilirudi nikahesabu kwa vidole na punje za mahindi:
lori moja magunia mia,
kila kilemba madebe mawili,
gunia la haki madebe sita.
Magunia thelathini na matatu
yameteremka kwenda kwa walaji, hayana mwenyewe,
na madebe mawili yakabaki kwenye hesabu yangu
sijui niyaweke wapi.
Hao nao tungewahesabu, karani.
Hao nao wanakula.

Tusekile, mtoto wa Ambokile, ana miaka kumi.
Ananishikia uzi, vidole vimepasuka kwa baridi.
Leo ameuliza: shangazi, gunia linaishia wapi?
Sikuwa na jibu la kumpa mtoto.
Nikaokota kaa kwenye jiko la mama ntilie,
nikachora mstari pale mdomo unapofunga.
Dalali akapita, akausugua kwa kiganja,
akacheka, akajifutia suruali.

Nilipoinama kutafuta sindano
Tusekile alikuwa ameuchora tena,
mnene zaidi,
na umepinda.