Ritifaa ya Ng'washi

Saa saba usiku umeme umerudi Igogo,
nyumba yetu imeng'ang'ania jiwe lake,
nami nimekaa tena na kikataji changu,
kiprogramu chenye kazi moja:
kupokea mkufu wa herufi, kurudisha vipande.

Nilikifunza uvumilivu kwanza.
Ukiona k, a, m, a, usipige kisu,
usitangaze sharti. Tazama herufi ya tano,
huenda ni kamati, huenda ni kamasi tu.
Refu ndilo lishindalo.
Nafasi moja au kumi, zote ni pumzi.
Mstari ukiisha, kauli imeisha,
ila bano likiwa wazi: hapo ngoja,
mtu hajamaliza kuhesabu.

Jana nikakipeleka Mwaloni, Kirumba,
kwenye simu ya Bi Ng'washi, mwuza dagaa.
Lugha hii nimeiunda kwa ajili ya daftari lake:
magunia, madeni, ujira wa mkokoteni.
Akaanza na jina lake.

Kikataji kikaona ng, kikaona ritifaa,
kikadhani nukuu imefunguliwa,
kikaingia ndani, hakikutoka.
Kikameza washi, kikameza magunia arobaini,
deni la Minza, mkokoteni, tarehe,
kikafika mwisho wa faili mdomo wazi:
Nukuu haijafungwa, mstari wa kwanza.

Akasoma kwa kidole. Akauliza taratibu,
"Kwa hiyo mimi ndiye kosa?"

Jibu jepesi lilikuwepo:
andika Ngwashi, mama, nani atajua.
Shule ilishamwandika hivyo,
benki pia, na kadi ya kliniki.
Lakini ng bila ritifaa ni sauti nyingine;
ukiita hivyo, yeye haitiki.

Sasa naandika upya kanuni ya ishirini na tatu.
Ritifaa iliyobanwa na herufi pande zote mbili
si mlango. Usiifungue. Pita nayo.
Nukuu zote zianze kwa alama pacha, basi.

Itanigharimu. Faili zangu za mwaka mzima
nilizozifunga kwa alama moja zitavunjika,
hata ule mfano wa salamu ninaoupenda.
Zivunjike.

Najaribu: ng'ombe, ng'ambo, Ng'washi.
Vinatoka vipande vitatu, vizima,
kila kimoja na mwiba wake ndani.

Kistari bado kinanisumbua.
Bei-ya-gunia: ni jina moja,
au ni kutoa mara mbili?
Nitamuuliza kesho, akishamaliza kupima.