Moja kwa Hamsini

Baba yangu, Niillas, si mtu wa kueleza.
Alinipa chupa ya oili na dumu jekundu,
akasema, moja kwa hamsini,
kisha akalitikisa dumu kama anayemkumbusha mtu deni.
Somo likaishia hapo.
Mengine nimeyafungua mwenyewe kwa spana namba kumi,
hapa Kárášjohka, katika gereji ya dirisha moja
ambalo jua halijalifikia tangu mwisho wa Novemba.

Basi nawe unayeuliza tofauti, sogea kwenye jiko.

Hii ya mipigo miwili haina valvu,
haina bakuli la oili tumboni.
Pistoni ikipanda inabana, ikishuka imeshalipuka.
Milango yake ni matundu tu ubavuni mwa silinda,
wageni huingia wenyeji wakitoka,
wanakanyagana kizingitini,
na petroli nyingine hutoka mbichi, moto haijauonja.
Kila mzunguko, mlipuko.
Oili yake huliwa humo humo pamoja na chakula:
inajilainisha kwa kile inachokichoma.

Ile ya mipigo minne ina adabu ya mezani.
Huvuta. Hubana. Huwaka. Hutoa.
Mizunguko miwili, mlipuko mmoja;
valvu zinafungua na kufunga kama makarani wa posta,
na oili inakaa chini kivyake, inapanda, inarudi,
inazeeka, unaimwaga nyeusi, unatia nyingine.
Inakula kidogo. Inanong'ona.
Lakini ni nzito, na ikizama kwenye theluji laini
utaita ndugu, na ndugu wa ndugu.

Kaka yangu Joavnna alinunua skuta ya minne.
Nilimwelewa: mgongo, masikio, bei ya petroli.
Ilipita uani hata mbwa asiinue kichwa.
Baba akaitazama, akasema,
"Nzuri. Kulungu hawatajua nani anakuja."
Mpaka leo sijui kama alikuwa anasifu.

Ya baba ni ya mwaka sabini na tisa,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu,
moshi wa buluu, sauti ya nyigu ndani ya kopo.
Kundi zima linaijua.
Akikata kona ya mto, majike hugeuza shingo.

Januari, baridi thelathini na nne chini ya sifuri,
kulungu sitini wakaingia vichaka vya mibetula
ambako skuta nzito haiendi.
Joavnna akachukua ya baba.
Akajaza tangi kutoka dumu la kijani, dumu lake,
kwa mkono uliokwisha kusahau kuchanganya.

Ilimbeba kilomita kumi na moja
kwa mabaki ya mchanganyiko wa zamani.
Kisha, anasema, ikapiga yowe moja,
na tambarare yote ikanyamaza.
Akarudi kwa skii, nyusi nyeupe.

Niliifungua juu ya gazeti.
Pistoni imechanika ubavu, kana kwamba imeparuliwa na ng'eri,
ringi zimegandia kwenye mifereji yake.
Nikanusa tangi. Petroli safi kabisa,
safi kama maji ya kuoshea maiti.

Baba akaja na kikombe chake cha kahawa.
Akaingiza kidole ndani ya silinda,
akakizungusha, akakitoa kikavu, akakinusa.
Joavnna alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.
Nilimwona baba akijua.
"Mashine imezeeka," akasema,
akamalizia kahawa.

Hatukuongeza neno, mimi wala kaka yangu.
Nimeagiza pistoni kutoka Oulu,
wanasema wiki tatu, labda nne.

Ila jana usiku, saa nane hivi,
nilisikia uani dumu likitikiswa,
tupu kwa sauti yake, au karibu na tupu,
likitikiswa na kutikiswa,
kwa muda mrefu kuliko oili yoyote inavyohitaji.