Kioo cha Kumi na Saba

Ramani ya manowari Wezel inasema vioo kumi na sita.
Nimehesabu kwa kidole, kwa chaki, kwa magoti
yaliyolowa mvua ya Den Helder tangu Februari:
kumi na saba.

Meli hii ina vituko vyake, sikatai.
Kuna matao ya shaba yaliyolazwa ndani ya mbao za msaji,
yanakatana kama nyayo za kuku kwenye unga,
na wageni huniuliza kama ni saa ya jua.
Ni njia za magurudumu. Mzinga uliburutwa hapo
na watu ishirini wakiukemea kama punda,
ukageuziwa mdomo kwa adui ambaye,
kwa taarifa yenu, hakuja.

Kuna kuta za pembeni zenye bawaba, zinalazwa chini
kama meza ya kukunja, ili mnara upate kufyatua.
Bahari nayo ikapata mlango.
Kuna pembe ya chuma chini ya omo
ambayo haikutoboa kitu ila gati la nyumbani,
siku nahodha alipokuwa na homa.

Hayo nayajua. Mimi Wobbe, fundi wa sitaha,
kalafati na lami vimo kuchani mwangu
na mke wangu amechoka kusema.

Lakini kioo hiki.
Kimekaa peke yake upande wa kushoto,
kinene kama kitako cha chupa, kijani,
mbali na ngazi, mbali na vyumba vya maofisa,
na kukizunguka, vichwa vinne vya misumari ya shaba
vimechomoza kidogo, vya kumkwaza mtu.
Fundi gani mwenye akili zake huacha msumari uchomoze?

Mhandisi Terpstra alisema: pambo.
Mwanafunzi kutoka Delft alisema: kosa la mjenzi.
Bibi Hiltje wa tiketi alisema palikuwa na mtu
aliyetaka kutazama nyota akiwa kitandani,
nikampenda kwa hilo, ingawa chini hapana kitanda.
Chini nimeshuka. Uende tezi, uende omo,
marejeo ni ngamani, na mimi si nani wa kubisha.
Chini ni ghala la makaa ya mawe,
giza ambalo hata baada ya miaka mia na hamsini
linakuachia weusi puani.

Nani huyapa makaa dirisha?

Nilikaa humo na taa yangu. Nikala mkate na jibini.
Nikatazama juu: sarafu ya kijani ya mchana,
haitoshi kusomea hata jina lako.
Jioni nikapanda, taa nimeisahau chini.

Sitaha giza. Bandari giza.
Na pale miguuni, kioo kinawaka.

Nikavua viatu, sijui kwa nini.
Nikatembea hadi unyayo ukagusa msumari,
wa pili, wa tatu, wa nne.

Makaa hujiwasha yenyewe.
Yakirundikwa na unyevu wake hupata joto kimya kimya,
kama mtu mwenye kinyongo,
siku tisa, siku kumi, huku juu watu wanakula supu.
Basi palikuwa na zamu. Palikuwa na kijana
pekupeku, amekatazwa taa,
anapapasa kwa wayo katikati ya mawimbi,
anaipata misumari, anainama,
anatazama chini
na kuomba asione kitu.

Sisi tulidhani dirisha ni la kuingizia mwanga.
Hili lilingoja mwanga utoke.

Sina hati ya kuonyesha. Terpstra ataguna.
Asubuhi ubao mpya ulifika, mrefu, mnyoofu,
umechongwa kwa kufuata ramani, hauna tundu.
Nilipima mara tatu. Nikachukua patasi.
Misumari nimeirudisha yote minne
na nimeiacha ichomoze.

Bibi Hiltje amekwisha kujikwaa mara moja.
Akatazama chini.