Kiapo cha Mpiga Chapa

Mimi, Tupokigwe Mwaisaka, mtu mzima, Mkristo,
mkazi wa Iyela, jijini Mbeya,
naapa na kusema kama ifuatavyo:

kwamba kidole ni changu.

Wakili anataka kifupi.
"Andika kosa la kibinadamu," ananiambia,
"majaji wamelizoea neno hilo."
Lakini kosa la kibinadamu halina jina la ukoo,
na mimi ninalo.

Ilikuwa Juni. Baridi ilishuka kutoka Loleza
ikapita chini ya mlango bila hodi,
nami nachapa kwa glavu zilizokatwa ncha,
chai ya tangawizi imepoa kando ya mashine.
Subilaga Mwakyoma alisimama pale penye fotokopi,
kitenge juu ya sweta, sweta juu ya sweta,
matope ya Ntokela yamekauka kwenye viatu vyake vya mpira.
Hukumu aliileta ndani ya mfuko wa mbolea.

Shamba la viazi, ekari moja na robo,
ambalo shemejiye alilipima kwa hatua
kabla matanga hayajaanuliwa.
Baraza la kata lilimpa,
la wilaya likamnyang'anya,
Mahakama Kuu ikasema la wilaya halikukosea.
Katika siku thelathini zilibaki mbili.

Nikachapa taarifa ya kukata rufani.
Hukumu ilisomwa tarehe kumi na tisa.
Nikaandika kumi na sita.
Sita na tisa, mapacha wa kitanda kimoja,
wanaolala mzungu wa nne.

Alilipa kwa sarafu,
akaniongezea sado ya viazi.
Nikavila.

Miaka mitatu jalada lilisubiri.
Majaji watatu wakaja kwa kikao cha wiki mbili.
Subilaga alivaa viatu vya kuazima.
Hakuna aliyeuliza habari za viazi,
wala nani alipanda ile mikaratusi ya mpakani.
Jaji wa kati aliinua karatasi yangu:
"Taarifa hii inahusu hukumu ipi?"
Hukumu ya tarehe kumi na sita haipo duniani.
Dakika kumi na moja, rufani ikaondolewa.

Kuondolewa si kutupwa, wakili alimweleza kwenye ngazi.
Ikitupwa, mlango umefungwa.
Ikiondolewa, mlango upo,
ila uko nje tena, na foleni inaanzia nyuma.
Subilaga akauliza:
"Na mwaka huu viazi anachimba nani?"

Sasa tunaomba kuongezewa muda.
Sheria inadai kila siku ya kuchelewa ielezwe,
mojamoja, kama chenji mkononi mwa mteja mkali.
Siku ya kwanza alitafuta nauli.
Ya pili ilikuwa Jumapili.
Ya tatu hadi ya saba mjukuu alikuwa na nimonia,
Hospitali ya Rufaa, wodi ya watoto;
huko angalau rufaa yake ilisikilizwa,
mtoto anapumua.
Siku ya nane alinitafuta mimi.

Hakuja kunitukana.
Alikaa kwenye kiti cha plastiki
akaomba nimwonyeshe ile tarehe kwenye kioo.
Akaiinamia kama mtu anayekagua tundu
la mdudu kwenye kiazi cha mbegu.
"Kadogo hivi?"

Basi nasema, na wakili akitaka akate:
kwamba sikurudia kusoma.
Kwamba wateja walikuwa wanne
na umeme ungekatika saa tano.
Kwamba hizo si sababu, ni hali ya hewa tu.
Kwamba yote niliyoyaeleza hapo juu ni kweli
kwa kadiri ninavyojua na kuamini,
isipokuwa aya ya viazi,
hiyo naijua kwa tumbo.

Kimeapwa hapa Mbeya, leo tarehe

naacha nafasi.
Hiyo ataijaza Subilaga mwenyewe, kwa kalamu,
polepole,
nami nimeikalia mikono yangu.