Nyuzi Thelathini na Saba

Mimi ndiye mshika daftari, basi niulizeni mimi.
Laki nne na elfu kumi na mbili. Hizo tu.
Hisa za kikundi, zilizohesabiwa baada ya sikukuu,
wakati kila kibindo kimeshakung'utwa.

Darubini tuliipata Chumbageni, mnadani, shule ilipofungwa,
haina kioo cha chini.
Mbaruku akafungua kioo cha kulia cha pikipiki yake,
akakikata, akakibandika.
Tangu siku ile, akitaka kujua nani yuko nyuma,
hugeuka mwili mzima,
na sisi tunawaona wasioonekana.

Waya wa kuchotea: bure.
Umetoka kwenye koili ya jiko la mama Hoza, lililoungua.
Sufuria ya presha: mkopo wa Bi Kibibi,
zawadi ya harusi ya bintiye, haijaijua harage.
Chupa za jemu, thelathini na sita, mia mia kwa watoto,
na wawili walileta zenye jemu bado.

Kile ambacho kitabu kinakiita kiatamizi
kwetu ni kasha jeupe la muuza samaki.
Tumelisugua kwa majivu na ndimu,
bado lanuka kibua.
Ndani, balbu ya wati arobaini
na kidude cha kupimia joto
alichong'oa Shekalaghe kwenye mashine ya vifaranga.

Ageri ya dukani, bei yake niliisoma mara mbili
nikazima simu.
Tukachemsha mwani wa Kigombe
na mchuzi wa mifupa, na sukari kijiko.
Mara ya kwanza, uji.
Mara ya pili, uji.
Mara ya tatu Mwanamvua akapindua chupa, mdomo chini,
na hakikudondoka kitu.
Tulipiga vigelegele
hata fundi cherehani wa ukuta wa pili
akauliza nani kaposwa.

Chupa moja hatukupanda kitu ndani yake. Ilikuwa shahidi.
Kulipokucha shahidi ana vipele vya manjano
kama mtoto mchanga mwezi wa pili.
Nani alipiga chafya?
Nimeandika: hasara, chupa kumi na mbili.
Sababu: mshika daftari.

Tukaanza upya, kwa barakoa za kanga.
Visima sita, Makorora mpaka Mikanjuni,
kila kisima chupa yake, namba juu ya plasta,
na saa mbili usiku umeme ukakatika.

Gizani Mwanamvua akauliza,
joto la mtu ni ngapi?
Thelathini na saba.
Na hawa wadudu wanataka ngapi?
Hakujibu mtu.
Nilisikia tu kanga ikifunguliwa, ikifungwa tena,
na kioo kikigusana na kioo.
Mbili kwake, mbili kwa Bi Kibibi,
akanyoosha mkono akanipa zangu.
Zilikuwa baridi, nikaguna.
Taratibu, akasema, usizilalie.
Tuliketi hadi alfajiri, migongo ukutani,
watu watatu wenye matumbo ya chupa,
tukisimuliana bei za vitu.

Saa kumi na mbili tulizipanga dirishani.
Ya kwanza, safi. Ya pili, doa moja, tulibishana.
Ya nne haikuhitaji darubini.

Ya nne ilikuwa kwangu, kulia, chini ya mbavu.
Kisima hicho alichimba baba
mwaka nilioanza darasa la kwanza.
Ndoo shilingi mia, na kwa majirani wa ukuta, bure.
Kutoka chooni hatua kumi na moja.
Nilikwenda kuzihesabu asubuhi ile ile, mara mbili,
mara ya pili kwa hatua ndefu.

Mwanamvua alisema, tunaweza kurudia.
Chupa zipo.

Joto la mwili, watu watatu, usiku mmoja:
hapo safu ya bei nimeiacha wazi.
Kisima namba nne: yasinywewe bila kuchemshwa.
Nimeandika kwa wino, nikaweka sahihi,
kisha nikaenda nyumbani
kuiondoa ndoo.