Linazima Pale Pale

Kuwaka, linawaka.
Hilo naliandika kwanza.
Stata inakwaruza mara mbili, mara tatu,
injini inakohoa, inashika,
nami nashusha pumzi inayoganda kwenye skafu.
Dakika moja. Moja na nusu.
Naingiza gia, na mlio unadidimia
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kimya.
Theluji nayo haina cha kuongeza.

Thelathini na moja chini ya sifuri, kaskazini mwa Dauphin,
Ford ya mwaka themanini na tisa,
mwili kahawia, mlango mmoja wa bluu
uliorithiwa kutoka lori lililokufa kwa jirani.
Usiku kucha limenyonya umeme wa nyumba,
waya wa hita ukining'inia mdomoni mwake kama ulimi.
Basi si hita. Betri nayo ni ya Oktoba.

Lazare, wa ng'ambo ya reli, akasema: pampu ya mafuta.
Binamu Orest, kwa simu, huku anatafuna: plagi, plagi tu.
Verna wa duka la vipuri hakusema kitu,
aliniuzia vyote.
Majina ya ugonjwa yalikuwa mengi;
mikono ndani ya boneti, miwili.

Nikabadilisha chujio, kifundo cha mkono kikinuka petroli mpaka Jumapili.
Nikabadilisha plagi nane; ya saba, iliyojificha nyuma,
ilichukua ngozi ya vidole vitatu kama ada.
Nikapulizia sabuni mipira yote ya hewa
nikitafuta povu. Sabuni ikaganda.
Lori lilipokea zawadi zangu zote
likazima pale pale,
kwenye sanduku la barua,
mita arobaini kutoka mlangoni.

Ila likishapata joto, halina neno.
Unaweza kwenda nalo hadi Winnipeg na kurudi,
likiunguruma kama paka aliyeshiba.
Hilo nililiandika pia, nikalipigia mstari,
nikaenda kulala bila kulielewa.

Asubuhi nikamkuta baba barazani kwa ndala,
Metro Hnatiuk, miaka themanini na moja,
anawarushia ndege makombo.
"Baba, miguu!"
"Miguu ina nini? Ina joto."
Nikamketisha kando ya jiko, nikamvua ndala.
Vidole vyeupe kama mishumaa.
Nikabonyeza. "Unasikia?"
"Nasikia nini?"
Sukari ilishakata nyaya za huko chini
miaka mitano sasa. Kila siku kwake ni Julai.

Niliishika ile miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
mpaka akauliza kama nimesinzia.

Kisha nikatoka na mita ya umeme.
Kuna sensa ndogo, ncha ya kidole gumba,
imezama ndani ya maji ya injini;
kazi yake moja: kuiambia kompyuta kuna baridi kiasi gani,
ili ijue imwage mafuta kiasi gani.
Nikachomoa waya, nikagusisha ncha za mita.
Kwa baridi ile ingesoma laki na malaki.
Ikasoma elfu nne.
Joto la chai.
Na kompyuta, mtiifu, ilikuwa inamnyima mafuta
mgonjwa anayetetemeka,
kwa sababu ameapa hajambo.

Dola ishirini na mbili. Verna hakunitazama usoni.

Leo limewaka, likapiga mbio kidogo lilipo,
likatulia taratibu, lenyewe.
Nikaingiza gia.
Tukapita sanduku la barua.
Baba kando yangu, soksi jozi mbili na buti,
analalamika kwamba namchoma.

Kuna mlio mwingine sasa, gurudumu la nyuma kushoto,
kama kijiko ndani ya kikombe.
Baba anasema hausikii.
Nimeuandika.